Binti yangu na mchumba wake wote ni Nyoni. DNA inaweza kusema kama ni ukoo mmoja?

FundiFriji_Tandika

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Mimi ni fundi wa friji, kibanda changu kipo Tandika karibu na soko, nyumbani ni Mbagala Kizuiani. Asili yetu Songea vijijini, Wangoni, jina la ukoo Nyoni. Nimezaliwa Temeke. Songea nimekwenda mara sita maisha yangu yote, na mara nne kati ya hizo nilikwenda kuzika.

Mwezi wa nne binti yangu wa pili alileta mchumba. Kijana mpole, anafanya kazi za forodha bandarini, ukimkaribisha kiti anakaa pembeni kabisa kama anaogopa kukivunja. Washenga wakaja na barua, mama yake akapokea vizuri, soda zikanywewa. Nafungua barua naona jina la kijana, jina la baba yake, halafu Nyoni. Nikadhani mwandishi kakosea, kaandika jina letu mahali pa lao. Namuuliza mshenga, ananiambia hapana mzee, na wao ni Nyoni, kwao Mbinga.

Nikampigia Baba Mkubwa, ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Ana miaka themanini na kitu na masikio yamechoka, nikapiga kelele mpaka mteja akabeba kompresa yake akaondoka. Jibu lake: "Nyoni haoi Nyoni. Huyo ni kaka yake." Nikamwambia hawa ni wa Mbinga, si wa kwetu. Akasema, "Mbinga walifikaje kama hawakutoka kwetu?" Simu ikakatika. Sijui alikata kwa hasira au alibonyeza bahati mbaya.

Hadithi ya ukoo wetu ni ile mliyoisikia. Tulitoka kusini kwa Wazulu, tukavuka Zambezi na Zwangendaba mwaka 1835 siku jua lilipopatwa, tukapanda mpaka Ufipa, yeye akafia huko, kundi letu likashuka Songea. Kwa Kizulu inyoni ni ndege. Marehemu baba akishaonja kidogo alikuwa anasema, sisi ni ndege, tulivuka mto bila mtumbwi. Sasa kama aliyevuka ni mmoja, Nyoni wa Mbinga ni ndugu zetu na mahari hailiwi. Kama si mmoja, mtoto wangu analia bure chumbani.

Jirani yangu muuza simu ananiambia huko Marekani watu wanatema mate kwenye kichupa, wanatuma posta, majibu yanakuja na ukoo mzima. Nauliza, kipimo hicho kinaweza kusema kama Nyoni wawili ni damu moja? Nampima binti na huyo kijana? Na pale kwa Mkemia Mkuu wanafanya kitu hicho? Msinitukane, nimeuliza kwa nia njema.

Mhehe_wa_Kihesa

Mtani, pole. Kabla hujamtafuta Shaka, mfalme wa Wazulu, kwenye mate, rudisheni kwanza ng'ombe wetu wa 1878. Vita yetu Wahehe na ninyi Wangoni iliisha 1882 lakini hesabu haijafungwa. Binti mlete Iringa, huku Nyoni hakuna hata wa dawa, ataolewa wiki hiyo hiyo.

DadaWaMaabara

Kaka Fundi, shikamoo. Mambo ya vinasaba ndiyo niliyosomea, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu kidogo.

Binti usimpime. Jina la Nyoni limeshuka kwa baba, na mwilini kuna kitu kimoja tu kinachoshuka kwa njia ileile ya jina, nacho ni kromosomu Y. Mwanamke hana. Ya kwako ulipewa na baba yako, yeye na babu yako, hivyo hivyo mpaka kwa huyo ndege aliyevuka mto, ikibadilika kidogo sana njiani. Binti yako nusu ya vinasaba vyake ni vyako, ila Y haimo humo. Wa kupimwa ni wewe na yule kijana, au wewe na baba wa kijana, maana hao wawili Y yao ni moja.

Kwenye Y kuna sehemu ambazo herufi chache zinajirudia kama kibwagizo, mara 13, mara 14, mara 22. Maabara inahesabu marudio hayo katika sehemu 37, au 111 ukilipa zaidi. Mara moja moja baba mwenye 13 anazaa mtoto mwenye 14, hapo tofauti imeingia na itashuka kwa wajukuu. Unaweka namba zako na za mzee wa Mbinga pembeni kwa pembeni. Zikilingana zote 37, au zikapishana moja, mna babu mmoja wa kiume na si wa zamani sana. Zikipishana kumi na zaidi, jina ni moja lakini mababa ni mbalimbali. Katikati hapo ndipo watu wanapogombana na kuongeza hela ya kipimo kikubwa.

Kuna mtego nataka uujue. Majibu ya juujuu yatakuambia "kundi lako la Y ni E-M2", na ya wenzako yatasema E-M2, utapiga magoti ukilia ndugu yangu. E-M2 wamejaa kuanzia Afrika Magharibi, wakashuka na Wabantu mpaka Durban. Simama Rangi Tatu saa kumi na mbili jioni uwaangalie wanaume wanaopita dirishani kuingia kwenye daladala: wengi wao huenda ni E-M2, na hakuna anayempisha mwenzake kiti kwa undugu.

Kile kipimo cha mate cha bei rahisi, kinachosoma kromosomu nyingine zote, hakikufai kwa swali hili. Watoto wa ndugu wawili wanashirikiana vinasaba kama 12.5%. Wajukuu wa ndugu wawili, kama 3%. Vitukuu, chini ya 1%, na kati ya vitukuu karibu jozi moja katika kumi haionyeshi undugu wowote ingawa upo. Kwa vilembwe ni karibu nusu ya jozi. Wewe unauliza mambo ya 1835, umeshavipita vilembwe.

Kuhusu majina yenyewe, Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walichapisha mwaka 2009 matokeo ya wanaume 1,678 wenye majina 40 ya Uingereza. Majina adimu, wengi wa wenye jina walitoka kwa mtu mmoja au wachache. Majina kama Smith, yaani mhunzi, ni vurugu tupu, kwa sababu kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake. Sasa kaka, Nyoni ni ndege. Hata mashairi yetu ya Kiswahili yana nyuni. Ndege ukoo gani hawana?

Na usiombe kipimo kabla hujajua utafanya nini na jibu. Mfalme Richard wa Tatu aliuawa vitani 1485, mifupa yake ikachimbuliwa 2012 chini ya maegesho ya magari mjini Leicester. Upande wa mama ulilingana na watu walio hai leo. Upande wa baba, Y yake haikulingana na wanaume watano wa ukoo ulioandikwa vitabuni kizazi kwa kizazi, na mmoja wa hao watano hakulingana hata na wenzake wanne. Hao ni watu wenye makarani na mihuri. Sisi tuna Baba Mkubwa asiyesikia simu.

Kwa Mkemia Mkuu, wao hupima nani mzazi wa mtoto, na kesi za jinai, na mtu haingii tu kutoka barabarani na mate yake. Unapitia ustawi wa jamii, wakili au mahakama. Kuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009, na inagusa pia sampuli za kwenda nje ya nchi. Kwa hiyo usifunge kichupa kwenye bahasha ukaenda nacho posta kimyakimya. Ulizia kwanza.

FundiFriji_Tandika

Dada, marahaba, na ahsante sana. Nimesoma mara tatu, ya tatu nimemsomea mama watoto kwa sauti. Kwa huyo mfalme kanyamaza, halafu akaniuliza, "Na wewe una uhakika gani?" Sikupenda alivyouliza.

Bei inakuwaje?

DadaWaMaabara

Kipimo cha Y cha zile sehemu 37 ni dola mia na ushee kila mtu, achana na usafirishaji. FamilyTreeDNA ya Houston wapo kwenye kazi hii tangu 2000 na wana miradi ya majina, wenye jina moja wanajiunga na kulinganisha namba zao. Wateja wengi ni Wamarekani na Wazungu, watu wa huku ni wa kuhesabu, hivyo usitegemee kumkuta Nyoni wa KwaZulu amekaa anakusubiri. Ila swali lako wala halihitaji hifadhi yao ya namba za watu. Ninyi ni wanaume wawili mnaojuana, ni namba kwa namba. Anayehitaji hifadhi kubwa ni yule anayeuliza "nimetoka wapi". Wewe unauliza "huyu ni wangu?"

MzeeWaGerezani

Vijana mnahangaika na Leicester, mfano upo hapahapa mjini. Jina la Sykes kila mtu wa Dar analijua. Kleist Sykes alikuwa kati ya walioanzisha African Association 1929, wanawe Abdulwahid na Ally wakawamo katika kuanzisha TANU 1954. Mgeni akilisikia jina atadhani babu yao alikuwa Mwingereza. Baba yake Kleist alikuwa Sykes Mbuwane, Mzulu kutoka Msumbiji, aliyekuja na jeshi la Mjerumani Hermann von Wissmann.

Na huko Uingereza alikuwepo profesa wa Oxford, marehemu Bryan Sykes, mwaka 2000 alichapisha utafiti wa Y za akina Sykes wa kule kwao, jina lake mwenyewe. Karibu nusu yao wakaonekana wametoka kwa mtu mmoja, waliobaki wametawanyika. Sasa mchukue Sykes wa Kariakoo na Sykes wa Yorkshire uwaambie hawawezi kuoana kwa kuwa ni ukoo mmoja. Watakucheka wote wawili.

MtuWaKilwa

Niongeze kidogo, kuna jambo mnalipita. Y ni uzi mmoja kwenye mkeka mzima. 2023 jarida la Nature lilitoa matokeo ya mifupa ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani yetu, Kilwa na Songo Mnara ikiwemo. Ndani yao kulikuwa na damu ya Uajemi, na sehemu kubwa iliingia kwa wanaume. Akina mama karibu wote wa Kiafrika. Ungesoma Y peke yake ungesema huyu ni Mshirazi mtupu, na bibi zake wote waliomlea, waliompikia na kumfundisha kusema usingewaona. Wazee wetu walikuwa wanachekwa wakisema Shirazi. Walikuwa wamesema nusu ya kweli, na nusu nyingine ilikuwa jikoni.

Mwalimu_Mstaafu_Ruvuma

Ndugu yangu Nyoni, mimi nimefundisha shule za msingi Songea na Mbinga miaka thelathini na mmoja. Nitasema jambo ambalo kwenu huenda halisemwi mezani.

Waliotoka kusini hawakuwa wengi. Njiani walichukua watu, na walipofika Songea wakachukua wengine, Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa, Wabena. Vijana wa kiume waliingizwa kwenye nyumba za wakubwa, wakafundishwa mkuki, wakaenda vitani kama Wangoni, na wengi wakabeba jina la nyumba iliyowachukua. Waliitwa Wasutu. (Nilipohamia Dar kwa mwanangu nikasikia habari za Kisutu, nikadhani wametufuata mpaka mahakamani.) Ushahidi uko mdomoni mwako: Kingoni chetu cha leo Mzulu hakielewi, kipo karibu zaidi na lugha za majirani zetu. Hao mama na hao vijana waliochukuliwa ndio waliokifanya.

Na shuleni tuliongeza vurugu. Mtoto anakuja darasa la kwanza, unamuuliza jina la ukoo, anataja la mjomba anayemlea, unaandika. Mpaka anazeeka ndilo hilo, lipo kwenye NIDA. Nakiri nimewaandika wengi.

Kwa hiyo Nyoni wa Mbinga anaweza kuwa mtoto wa Nyoni, au mtoto wa aliyechukuliwa na Nyoni, au mwanafunzi wangu. Kipimo kitasema mmelingana au hamkulingana. Hakitasema nani kati yenu ndiye aliyechukuliwa.

Mhehe_wa_Kihesa

Mwalimu umemaliza. Mtani, kumbe hata Ungoni wenyewe ulikuwa wa kuazima? Na ng'ombe wetu wamekaa kwa nani sasa?

Kimya_Kingi

Tahadhari tu kwa wanaokimbilia kampuni za nje. 2023 wadukuzi walichota taarifa za wateja karibu milioni 6.9 wa 23andMe, na Machi 2025 kampuni hiyohiyo ikaomba ulinzi wa mufilisi. Nywila unabadilisha. Vinasaba utabadilisha na nini? Tena si vyako peke yako, umewaandikisha na wadogo zako bila kuwauliza.

FundiFriji_Tandika

Wakuu, nilinyamaza wiki mbili, nilikuwa na mengi.

Aliyoandika Mwalimu yalinikaa. Jumapili nikaenda Keko Magurumbasi kwa shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba. Nikamsomea. Alikuwa anachambua mchele. Hakunyanyua kichwa. Akasema, "Sasa huyo mwalimu kakosea wapi?"

Kumbe anajua siku zote. Babu wa babu yangu alifika kwa Nyoni akiwa mtoto mdogo, kabebwa mabegani, katokea upande wa ziwa, hana mama wala baba. Alilelewa pale, akapewa mkuki, akapewa mke, akapewa jina. Bibi yake shangazi ndiye aliyemhadithia, wanawake wamekuwa wakihadithiana jikoni na wanaume hawakuwa na habari. Nikamwambia shangazi, lakini baba alikuwa anasema sisi ni ndege, tulivuka mto bila mtumbwi. Akanijibu, "Na aliyewachotea maji hao ndege ulidhani nani?"

Wakuu, nina miaka hamsini na mbili. Nimewatambia Wahehe miaka yote hiyo kwa Uzulu. Kibandani Tandika kuna ngao nimeichora mwenyewe kwa rangi ya mafuta, wateja wananiita Shaka. Leo asubuhi nimeiangalia kwa muda mrefu nikashindwa kuamua niifute au niiache.

Halafu nikakutana na baba wa kijana, tulikaa Keko hapohapo, tukaleta na daftari. Yeye anahesabu mababu wanne, mimi sita kwa msaada wa shangazi. Hatukukutana jina hata moja. Mzee wa watu anaapa kuwa wao ndio Nyoni wenyewe, waliotoka kusini kwa miguu yao, na kama nataka kupima yuko tayari alipe yeye, wote wawili. Ana uhakika kweli. Nilimwangalia nikajiona mimi wa mwezi wa nne. Sikumwambia kitu kuhusu wa mabegani. Nilitaka kwanza yafike kwa Baba Mkubwa, yasije yakamfikia kutoka Mbinga.

Binti kaniambia, "Baba, kwani si ndiyo ruhusa yenyewe hiyo? Sema tu." Kwake ni rahisi. Kama sisi si Nyoni wa damu, wao wawe Nyoni wa kusini au wawe na wa mabegani wao, watoto wanaoana. Dada wa Maabara nisahihishe kama nimekosea. Ugumu ni kwamba anayetakiwa kukubali ni Baba Mkubwa, na mkuki wa babu upo ukutani kwake, juu ya kitanda.

DadaWaMaabara

Hujakosea kaka, isipokuwa kitu kimoja kidogo. Kama wa mabegani wenu na wa mabegani wao walikuwa mtu na mdogo wake, waliochukuliwa siku moja, namba zitalingana zote 37 na wala hamtakuwa Nyoni. Ni nadra. Nimesema tu ili usije ukasema sikukuambia.

FundiFriji_Tandika

Dada wewe ni mtu mbaya, nilikuwa nimeanza kulala.

Nimekata tiketi mbili za Songea, Ijumaa alfajiri, Stendi ya Magufuli. Mimi na shangazi, maana haya hayapigiwi kelele kwenye simu, na akiyasema yeye ni dada kwa kaka, mimi nitakaa nje na mkuki nisiuangalie. Shangazi ametaka kiti cha dirishani na ameshasema kuku wa njiani hali, atabeba wake. Vichupa vya mate vitasubiri tukirudi. Baba wa kijana nimemwambia nakwenda kusalimia.